Historia za Marehemu Walio Hai

Ukishuka Ujiji kwa barabara ya lami, kabla hujafika sokoni, mkono wa kushoto kuna kibaraza kilichozibwa kwa wavu wa chuma. Ndani mna meza, printa, viti viwili vya plastiki, na kompyuta ya mezani ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Hapo ndipo anapofanyia kazi Margareta, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Oswald kwa jina la mwanawe aliyeko Dodoma. Miaka thelathini alikuwa mchapaji wa mahakama. Akastaafu na vidole vyepesi, mgongo mbovu, na tabia ya kutomwamini mtu anayesema "nakumbuka vizuri kabisa". Kompyuta aliinunua kwa watu waliokuwa wanahama ofisi. Ilikuwa imetumiwa na wengine, ikachokea mikononi mwao, yeye akaichukua hivyohivyo. Alikuwa akiiwasha, anakwenda kuchemsha chai, anarudi na kikombe mkononi, na bado inazungusha kile kiduara chake.

Alichapa kila kitu: barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, ratiba za harusi. Lakini kazi iliyompa jina ni historia za marehemu. Mtu akifa huku kwetu, kabla hajashushwa kaburini lazima asimame mmoja na karatasi asome: marehemu alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua nini, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Karatasi hiyo huandikwa mbiombio, vilio vimejaa nyumba, na watu ambao hawajafumba macho siku mbili. Ndiyo maana imejaa makosa, na jamani, mengine si makosa, ni uongo wa makusudi.

Aliyeanzisha mambo yote haya ni Mzee Selestini, mstaafu wa reli. Alikwenda kumzika mwenzake waliyefanya naye kazi tangu ujana, akasikia ikisomwa kwamba marehemu alikuwa dereva wa treni, ilhali maisha yake yote alikuwa mtu wa kukaza reli kwa nyundo. Mke wa kwanza wa marehemu alikuwa amekaa palepale kwenye majani, akarukwa kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. Kesho yake asubuhi Selestini alikuwa kwenye kibaraza.

"Mama Oswald, niandikie na ya kwangu."

"Ya kwako nini, mzee wangu?"

"Historia ya marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Mimi," akasema, akavuta kiti akaketi. "Wale wanangu hawanijui. Nikiwaachia kazi hiyo watanizika mtu mwingine."

Margareta alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaona mzee hacheki. Akaandika. Mahali pa tarehe ya kufa akaweka nukta. Alipotaka kumpa karatasi, Selestini aliruka kutoka kitini. "Niende nyumbani na karatasi inayoniita marehemu? Ilale chumba kimoja na mimi? Hapana. Kaa nayo humo kwenye mashine. Siku yangu ikifika watakuja."

Basi habari ikaenda, polepole, kwa watu wazima wanaoaminiana. Wakristo kwa Waislamu, kila mmoja akija saa ambayo kibaraza hakina mtu, akiketi upande wa ukutani, akisema maisha yake mwenyewe kama ya mtu mwingine: marehemu alikuwa hivi, marehemu alifanya vile. Hakuna aliyebeba karatasi. Zilifika kumi na tisa. Margareta aliziweka kwenye folda aliyoiita Risiti za Umeme, na hakuzinakili popote, si kwenye flashi, si kwa mwanawe Dodoma. Aliogopa, na aliogopa kwa sababu. Hebu fikiri mtu akute ndani ya kompyuta ya mama mjane orodha ya majirani wazima, wanaotembea, na kila mmoja ameandikwa marehemu. Nani atauliza? Hakuna atakayeuliza. Kufikia jioni mji mzima ungekuwa umeshampa kazi nyingine, na si kazi ya kuchapa.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, alikuja Merina. Huyu alikuwa rafiki yake. Muuza dagaa wa Kibirizi, mtu wa ng'ambo, Mkongo aliyevuka ziwa mwaka wa tisini na sita wakati wa vita, akaolewa na Leonardi, Muha, seremala wa hapahapa Ujiji. Watoto watano, mkubwa wao Catherine, mwalimu. Kicheko cha Merina kilikuwa kinafika kabla yake. Ukikisikia unajua dakika mbili zijazo atatokea kona ile. Siku hiyo alifika kimya, akaketi upande wa ukutani.

Walianza vizuri. Alizaliwa Ubwari, kule Kongo, baba mvuvi, mama mkulima. Kisha Merina akasema, "Andika, marehemu alizaa watoto sita."

Vidole vya Margareta vikasimama. "Watano, Merina. Wa mwisho nilimpokea mimi mwenyewe."

"Nimesema sita."

Akaeleza, bila kulia, akitazama printa. Alivuka na binti wa mwezi mmoja na wiki moja. Boti ilijaa hadi watu wamekaliana mapajani. Mtoto alikuwa na homa tangu ufukweni, na katikati ya ziwa akanyamaza. Mwenye boti alipojua akasema hafiki Kigoma na maiti, na waliokuwemo wakasema hivyohivyo. "Hawakuwa watu wabaya," Merina akasema. "Walikuwa wanaogopa. Hata mimi ningekuwa sina mtoto pengine ningesema kama wao." Akamfunga kwenye kitenge, wakampisha nafasi pembeni mwa boti, akamshusha majini. "Nilishuka Kigoma mikono mitupu, maziwa yanatoka. Waliokuwa wanatuandikisha wakaniuliza, una watoto? Nikasema sina. Leonardi aliponiposa akaniuliza vilevile. Nikasema sina. Ukishasema mara mbili, Mama Oswald, basi ndiyo inakuwa historia yako."

"Mwambie sasa. Leonardi si mtu mbaya."

"Nimwambie leo, karibu miaka thelathini imepita? Nikiwa chini ataninunia kwa nafasi yake, mimi sitamwona." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Yule mtoto hajawahi kutajwa mahali penye udongo. Nataka atajwe juu ya udongo wangu. Mara moja tu, halafu mnifukie. Ila nikiwa hai usimwonyeshe mtu."

Margareta aliahidi. Akachapa, akahifadhi, wakanywa chai, Merina akaenda zake sokoni.

Sasa njoo Jumatano iliyotuletea haya. Presha ilimwangusha Merina Jumapili baada ya misa, na Jumatano alfajiri akafia hospitali. Saa tatu asubuhi Catherine alikuwa amesimama mbele ya kibaraza, khanga begani, macho yamevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana, Catherine."

"Mama alisema jana, sauti ilipokuwa bado inatoka. Alisema historia yake iko kwako, tusiandike nyingine. Baba naye ameshatuambia, hakuna kuandika hata mstari. Tunazika kesho saa nane."

"Ipo," Margareta akasema. "Nenda kakae na wageni. Nitaileta."

Alisema ipo, na kompyuta ilikuwa imekufa. Jumatatu umeme ulikatika ghafla ikiwa inafanya kazi, na tangu hapo ukiwasha inaleta kioo cha bluu, inajizima, inawaka tena, bluu tena. Margareta hakuwa amejali; alisema mwisho wa mwezi atamwita fundi. Loh! Sasa alikaa mbele ya kile kioo cha bluu akabonyeza na kubonyeza.

Habari za Merina alikuwa nazo kichwani zote: Ubwari, boti, kitenge, mwezi mmoja na wiki moja. Angeweza kuziandika upya kwa mkono. Kitu kimoja tu hakikuwepo. Jina la mtoto. Alikumbuka kwamba alimwuliza. Alikumbuka midomo ya Merina ikifunguka, na vidole vyake mwenyewe vikichapa kitu mahali pale. Alichapa nini, hakumbuki. Akachukua karatasi akajaribu: Riziki. Zawadi. Furaha. Neema. Kila jina aliloandika liliingia, na hilo ndilo lililomtisha, kwamba yote yalifaa. Dunia nzima waliolijua jina hilo walikuwa wawili, Merina na mashine hii, na mmoja alikuwa kwenye chumba cha maiti.

Akampigia Samson, fundi wa Gungu. Samson alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, aliyeanza na kutengeneza redio kabla kompyuta hazijafika, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na maneno machache. Alifika kwa bodaboda na mkoba wake, akasalimia, akaitazama mashine mara moja.

"Hii mama inataka kupigwa windo, iwekewe mfumo mpya. Mfumo umeharibika wote. Diski yenyewe nzima, naisikia inavyozunguka. Vitu vyako umeviweka wapi, sehemu ya C au ya D?"

"Viko hapo mbele. Kioo kikifunguka tu unaviona."

"Kwenye desktop." Samson akavua miwani. "Ndiyo hivyo. Watu wote Kigoma wanaweka hapo. Mnadhani ni mezani pa mtu, kumbe ni C hiyohiyo, na windo mpya inakaa C." Akaona uso wake. "Usiogope. Kuna namna. Nitapiga juu ya ile ya zamani bila kufuta, vitu vya zamani vitasukumwa kwenye folda yao peke yake, halafu nitaingia nivitoe."

"Utaviona?"

"Sasa nitavitoaje bila kuviona, mama?"

Samson akavaa miwani, akachomeka flashi yake, akabonyeza hiki, akabonyeza kile, kurasa zikapita haraka. Margareta alisimama nyuma yake akisoma kila neno la Kiingereza kama alivyokuwa akisoma hukumu kabla ya kumpelekea hakimu. Ukafika ukurasa wenye mistari miwili, sehemu mbili za diski, na chini yake vineno vidogo. Kipanya cha Samson kikateremka moja kwa moja, bila kusita, kwenye kineno cha kufomati.

Margareta alimkamata mkono. Alimkamata kwa nguvu hadi miwani ikamdondoka.

"Umesema hufuti!"

Samson akaduwaa. Akatazama kioo, akatazama mkono wake mwenyewe. "Mungu wangu. Mama, nisamehe. Ni mazoea. Kila siku nafanya hivi, mashine tatu, nne. Mkono unakwenda wenyewe." Maskini, akaondoa kipanya mbali kabisa kama kitu cha moto.

Margareta alimwangalia. Mtu mwema, na mkono unaokwenda wenyewe. Na hata mkono usipokwenda wenyewe, macho yake yatakutana na Risiti za Umeme, na ndani yake Mzee Selestini mzima wa afya, marehemu. Na wengine, wengine ambao Samson anakutana nao kila siku ya Mungu.

"Toka hapo nikae mimi," akasema.

"Mama, hii kazi..."

"Utanielekeza. Kaa pale, utazame barabarani. Mimi nitakusomea kinachoandikwa, wewe uniambie pa kubonyeza. Nina kitu cha watu humu. Sikushuku, Samson, ila niliwaapia."

Mwingine angekasirika. Samson aliokota miwani, akageuza kiti cha plastiki, akaketi uso kwenye barabara na mgongo kwenye kompyuta, mikono mapajani.

"Haya. Soma."

"Sehemu ya kwanza, ndogo. Sehemu ya pili, kubwa."

"Chagua kubwa. Usiguse kitu chochote chini yake. Bonyeza cha kuendelea tu, kile cha pembeni kabisa."

"Inasema ina vitu vya zamani. Inasema itavihamishia kwenye folda nyingine, na kwamba havitatumika tena."

"Hayo ndiyo maneno tunayoyataka. Kubali."

Alikubali. Kidole kilikuwa kizito, kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kuchapa.

Kisha ikawa kusubiri. Asilimia mbili, asilimia tano. Kutoka upande wa nyumba ya Leonardi nyimbo za kina mama wa ng'ambo zilikuwa zimeanza, zile za kupokezana, mmoja akianza na wengine wakimchukulia maneno mdomoni. Watu walipita barabarani, wakamwona fundi amekaa ameipa kompyuta mgongo, wakacheka. Mmoja akamwuliza, "Vipi, mmegombana?" Samson akajibu, "Tumegombana," akaendelea kutazama barabara. Margareta alikuwa anaomba Mungu jambo moja tu, umeme usikatike. Balbu ya kibaraza ilipofifia mara moja alishika meza kwa mikono miwili, na iliporudi alijikuta anasema asante kwa sauti. Asilimia arobaini. Sabini na moja ilikaa robo saa nzima, na hapo hata Samson alishindwa kuvumilia, akauliza bila kugeuka, "Imefika ngapi?"

Mashine ikajizima, ikawaka, ikajizima. Ikawaka na rangi mpya. Ikauliza jina la mtu atakayeitumia. Akachapa Margareta. Ikauliza neno la siri, akaruka. Mwisho ikafunguka, kioo kitupu kisicho na kitu, safi kabisa, na usafi ule ulimwuma moyo.

"Hamna kitu, Samson."

"Tulia. Ingia kwenye C. Kuna folda ambayo jina lake linaishia na neno la zamani kwa Kiingereza."

"Ipo."

"Ndani yake tafuta ya watumiaji, halafu lile jina ulilokuwa unatumia mwanzo."

"Inasema sina ruhusa."

"Inakujaribu. Bonyeza endelea."

Akabonyeza. Na zikatokea, zote, mpangilio uleule: barua, mikataba, ratiba, Risiti za Umeme. Margareta alipiga kelele ndogo, mkono mdomoni. Kule barabarani Samson aliinamisha kichwa, lakini hakugeuka.

Akafungua ya Merina. Marehemu Merina alizaliwa Ubwari. Baba mvuvi, mama mkulima. Marehemu alizaa watoto sita. Wa kwanza ni binti, na baada ya neno binti kulikuwa na nukta. Nukta kumi na kitu, zimepangwa mstari, na baada yake, ndani ya mabano, maneno yake mwenyewe Margareta: jina ataleta.

Alisoma tena. Jina ataleta.

Ndipo alipokumbuka sawasawa. Midomo ya Merina ilifunguka, ndiyo, lakini haikutoka sauti. Ilifunguka ikafungwa. Kisha Merina akasema, "Hilo nitakuletea, Mama Oswald. Leo haliji." Na alipita kibarazani hapo baadaye mara ngapi? Mara mia. Wamecheka, wamegawana dagaa, wamesema watu. Margareta hakuuliza tena hata mara moja. Alidhani anamheshimu. Siku nzima alikuwa akiilaani mashine kwa kumnyima kitu ambacho haikuwahi kupewa.

Alilia. Alilia waziwazi, mikono juu ya kibodi. Samson akasimama, bado mgongo umegeuka, akasema taratibu, "Havikutoka, mama?"

"Vimetoka vyote. Asante, baba. Vimetoka."

"Basi mimi sijaona kitu," akasema, akakusanya vifaa vyake akiwa ametazama chini, akaomba kwenda.

Alipobaki peke yake Margareta alifanya jambo ambalo kwa miaka thelathini ya mahakama hakulifanya. Alifuta nukta na yale mabano, akachapa Neema. Lilikaa vizuri. Nani angejua? Watu wangeitikia, katekista angeomba, Merina angefukiwa. Kisha akaona kwamba yule mtoto alishaachwa mara moja na watu wenye haraka, na yeye alikuwa anataka kumalizia kazi yao. Akalifuta herufi moja moja, akarudisha nukta, akachapisha.

Alhamisi asubuhi alikwenda msibani na karatasi ndani ya bahasha. Ahadi yake ilikuwa ya Merina akiwa hai, na Merina hakuwa hai tena. Aliona si heshima kumshtua mwanamume kwa jambo kama hili kaburini, mbele ya watu, udongo uko mkononi. Leonardi alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye gogo, akiwatazama maseremala wenzake wanavyomaliza jeneza. Walikuwa wamemkatalia kushika randa, na penseli yake ya kazi ilikuwa bado sikioni.

"Mwakeye, shemeji," akamwamkia kwa Kiha. "Pole."

"Nimeshapoa, Mama Oswald. Umeileta?"

"Nimeileta. Isome kwanza wewe."

Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaja tena, kikasimama palepale. Wale wenzake waliona uso wake, wakaacha kugonga misumari, wakaenda kusimama mbali.

"Sita," akasema.

"Sita, shemeji." Akamweleza boti, homa, kitenge. Hakuongeza na hakupunguza.

"Wewe ulijua lini?"

"Mwaka juzi. Mwezi wa tatu."

"Mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na saba!" Sauti ilipanda ikafika mbele kwa wageni. "Ishirini na saba, Mama Oswald, najua hata anavyokohoa. Unaniletea mtu nisiyemjua nimzike?"

Margareta aliona amestahili kukaripiwa.

Leonardi akailaza karatasi gotini. Alipoanza tena sauti ilikuwa imekwisha. "Hakuwahi kukanyaga ziwa, unajua? Mtu wa ng'ambo, anauza dagaa, na maji hayamfiki kisiginoni. Watoto wakienda kuoga yeye anakaa juu kule mchangani anawaita. Warudi, warudi. Nilikuwa namcheka. Namwita mwoga mbele ya wanawe. Miaka yote namcheka, na yeye anacheka na sisi." Akafuta uso kwa kiganja, unga wa mbao ukambaki shavuni.

Kisha akaweka kidole tena kwenye mstari. "Hizi nukta za nini?"

"Jina la mtoto. Alisema ataniletea. Hakuleta, na mimi sikumwuliza."

"Kwa hiyo hakuna anayelijua."

"Hakuna, shemeji."

Leonardi alichomoa penseli sikioni. Aliilamba ncha, akainamia karatasi, akaandika mbele ya zile nukta kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandikia mbao. Akamrudishia Margareta. Alikuwa ameandika jina lake mwenyewe.

"La kwanza kaondoka nalo mama yake," akasema. "La pili ni hilo. Nenda kachape upya, saa nane bado."

Makaburini Margareta alisoma mwenyewe. Alisoma Ubwari, alisoma boti. Katekista alishika kitabu chake bila kukifungua. Wazee wawili watatu wa ng'ambo walikuwa wameinama, mikono nyuma. Alipofika kwa watoto alipandisha sauti ili hata waliosimama nyuma kabisa wasikie.

"Marehemu alizaa watoto sita. Wa kwanza ni binti." Akanyamaza kiasi cha jina kutamkika. "Binti wa Leonardi."

Catherine, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuwa na dada mkubwa, aliinua uso akamtazama baba yake. Leonardi alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi, konzi ya udongo imeshajaa mkononi. Akamwitikia bintiye kwa kichwa, mara moja.

"Wa pili," Margareta akasoma, "ni Catherine Leonardi."